Baharia Aliyefunga Bandari

Mapema muhula huu mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Nyamira, aliniletea pendekezo la tasnifu yake fupi. Alitaka kuchunguza jinsi watawala wanavyoitumia lugha katika nchi iliyojitenga na ulimwengu, na nchi aliyoichagua ni Korea Kaskazini. Nilimuuliza kama anakijua Kikorea. Hakijui. Nilimuuliza kama amewahi kukutana na mtu yeyote aliyetoka huko. Hajawahi. Basi nikamweleza kwamba ipo nchi nyingine iliyowahi kujifungia milango, iliyo karibu nasi zaidi, na ambayo lahaja yake amekuwa akiitahiniwa tangu shule ya msingi. Alidhani ninamfanyia mzaha.

Nchi hiyo ni Zanzibar, na miaka ninayoisema ni ile minane kati ya Januari 1964 na Aprili 1972, chini ya Sheikh Abeid Amani Karume. Walimu wa Kiswahili katika Kisii na Nyamira wanajua vyema kwamba Kiswahili sanifu tunachokifundisha kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930. Tunawasahihisha watoto wetu wanapotamka r mahali pa l, kwa kuwa Ekegusii haina l, na tunawaambia kwamba Waunguja hawasemi hivyo. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kueleza kilichowapata Waunguja hao katika enzi ambayo wazazi wetu walikuwa wangali shuleni? Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilimaliza shahada ya kwanza bila ya kuweza.

Karume alizaliwa, kwa mujibu wa wasifu wake rasmi, mwaka 1905 huko Mwera, kisiwani Unguja. Wapinzani wake walidai maisha yake yote kwamba hakuwa mzaliwa wa visiwani bali mtu wa Nyasa, na dai hilo halikuwa porojo tupu la barazani. Katika Zanzibar ya Wasultani na Waingereza, swali la mtu katoka wapi ndilo lililoamua nani apige kura, nani amiliki mikarafuu na nani aipalilie kwa ujira. Mwaka huohuo wa 1905, kwa wanaopenda kulinganisha, ndio Waingereza walipotuma kikosi chao cha kwanza cha kuwaadhibu Abagusii, na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Ufalme uliotushika sisi kwa bunduki ulikwisha kuishika Zanzibar kwa mkataba tangu mwaka 1890.

Elimu ya darasani hakuipata nyingi. Alipokuwa kijana aliingia kazi ya ubaharia katika meli za mizigo, na kwa miaka mingi akawa mtu wa bandari, wa leo huku na kesho kule. Watu waliosafiri namna hiyo katika miaka ya ishirini na thelathini walikuwa wachache sana Afrika Mashariki. Aliyaona mataifa, akazisikia lugha zao, akajua kwamba Mwingereza kwao ana maskini wake na walevi wake. Mwishoni mwa miaka ya thelathini alirejea Unguja, akawakusanya wenye mashua waliokuwa wakiwachukua abiria kutoka kwenye meli zilizotia nanga hadi ufukweni. Wakawa na umoja wao, nauli yao na sauti yao mbele ya wakubwa wa bandari. Hapo ndipo uongozi wake ulipozaliwa. Hakuupata kwa vitabu wala kwa nasaba. Aliupata kwa kujua kuwapanga makuli na wapiga makasia.

Niruhusiwe hapa kuingiza neno moja la fani yangu. Sisi tunalitumia neno rais kwa mkuu wa nchi pekee, lakini katika Kiarabu, tulikolitoa, linaweza pia kuwa na maana ya mkuu wa chombo cha baharini. Kwa Karume maana zote mbili zilikutana katika mtu mmoja. Baharia mzuri anajua kwamba chombo kina kiongozi mmoja na kwamba wakati wa dhoruba hapigiwi kura. Sijui tabia ya mtu hutokana na kazi yake kwa kiasi gani, na msomaji asinishike kwa hili, ila kila nisomapo namna alivyotawala, picha hiyo ya sitaha hunijia.

Katika siasa alianzia Jumuiya ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1934, akapanda hadi kuwa rais wake. Mwezi Februari 1957, kwa himizo la Julius Nyerere kutoka Tanganyika, Jumuiya hiyo na ile ya Washirazi ziliungana na kuzaa kile kilichokuja kuitwa Afro-Shirazi Party. Julai ya mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa kwanza. Katika jimbo la Ng'ambo, mtaa wa walalahoi ng'ambo ya hori lililoutenga na Mji Mkongwe, Karume alisimama dhidi ya Sheikh Ali Muhsin Barwani, msomi na mhariri, nguzo ya chama cha Zanzibar Nationalist Party ambacho watu walikiita Hizbu. Baharia alipata kura zaidi ya 3,000. Msomi hakufikisha 1,000.

Yaliyofuata Wazanzibari huyaita zama za siasa, na jina hilo hulitamka kama watu wanaotaja mwaka wa ndui. Majirani waliacha kuzikana. Wenye maduka walisusiwa, na wakulima waliokuwa wamekaa katika mashamba ya watu kwa vizazi wakafukuzwa kwa sababu ya chama. Mnamo Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Julai 1963 Afro-Shirazi kikapata zaidi ya nusu ya kura zote, asilimia 54, lakini kwa jinsi majimbo yalivyokatwa kikapewa viti 13 kati ya 31. Hizbu na washirika wake wa ZPPP wakaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, bendera ya Sultani ikipepea. Mwanafunzi wa historia asiruke hesabu hiyo ya kura, kwani bila ya kuielewa hataelewa kwa nini siku 33 baadaye watu wengi sana visiwani walishangilia kuanguka kwa serikali iliyochaguliwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 makundi ya watu wenye mapanga, marungu na bunduki chache yalivamia ghala za silaha za polisi. Sultani Jamshid akakimbilia melini. Sauti iliyosikika redioni ikitoa amri za kutisha ilikuwa ya John Okello, Mganda aliyejiita Jemadari Mkuu. Karume hakuyaongoza mashambulizi ya usiku ule, na wanahistoria wengi wanakubaliana kuwa saa hizo alikuwa amevuka au anavuka kwenda Dar es Salaam. Katika siku zilizofuata maelfu ya watu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na hesabu kamili inabishaniwa hadi leo. Karume akarudi, akatangazwa Rais. Kufikia Machi, Okello alikuwa amezuiwa asikanyage tena Zanzibar. Tarehe 26 Aprili Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa dola mpya huku akibaki na kisiwa chake mkononi. Nyerere alikuwa na wizara za mambo ya nje na ulinzi. Lakini afisa wa serikali ya Muungano aliyedhani kwamba amri zake zinavuka bahari hadi Unguja alijidanganya.

Sasa nifike penye uzito. Ni rahisi mno kumwandika Karume kama jini, na ni rahisi vilevile kumwandika kama malaika, kama afanyavyo mzungumzaji wa sherehe kila ifikapo tarehe 7 Aprili. Mimi nataka walimu waweze kuyasema mambo yote mawili darasani bila ya kujikwaa.

Ardhi ilitaifishwa mara baada ya Mapinduzi, kisha familia maskini zikagawiwa eka tatu tatu. Kwa mtu wa Kisii, ambaye leo anarithi kipande cha shamba kisichotosha hata ndizi na ng'ombe mmoja, eka tatu si jambo la kupuuza. Mwaka 1964 karo ya shule ilifutwa. Matibabu yakawa bure. Kule Sebleni zikajengwa nyumba za wazee wasiokuwa na watu wa kuwatunza, jambo ambalo serikali nyingi za Afrika hazikuwahi hata kulifikiria. Na Ng'ambo, pale alipochaguliwa na mabanda ya udongo na makuti, pakaanza kusimama majengo marefu ya ghorofa, kwanza Kikwajuni kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, baadaye yale ya Michenzani yaliyonyooka kama garimoshi lililoegeshwa. Watu waliyajenga kwa kile kilichoitwa kujitolea, ingawa asiyejitolea aliulizwa sababu. Wakazi walipewa bure. Mwanamke aliyechota maji kisimani maisha yake yote alifungua bomba ndani ya nyumba yake, na hakuna mwanahistoria atakayemshawishi mwanamke huyo kwamba Karume hakumfanyia kitu.

Lakini nyumba hizo zilikuwa ndani ya ua, na ua ulikuwa na lango moja.

Mzanzibari aliyetaka kusafiri, hata kwenda Dar es Salaam ambayo kwa katiba ilikuwa nchi yake, alihitaji kibali. Mgeni aliyetaka kuingia alikutana na maswali mengi kuliko majibu. Waliokosa vibali walitoroka usiku kwa ngalawa na mashua kuelekea bara, na mji wetu wa Mombasa ukawapokea wengi. Wangine walifika Ghuba, hasa Oman baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango. Miongoni mwa waliokwenda ni walimu na madaktari, kiasi kwamba shule zilizofanywa bure zilikosa wa kufundisha. Nafasi za sekondari zikagawanywa kwa kufuata asili ya mtoto. Marafiki wa serikali walikuwa Ujerumani Mashariki, China na Urusi. Markus Wolf, mkuu wa ujasusi wa nje wa Ujerumani Mashariki, alifika Unguja mwenyewe mwaka 1964, na wataalamu wake wakasaidia kuunda idara ya usalama ambayo punde ilikuwa na masikio katika kila kilinge. Mahali palipoitwa Kwa Bamkwe pakawa jina ambalo mama hakulitaja mbele ya watoto.

Katiba haikuwepo. Nchi iliongozwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, na katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilisubiri hadi mwaka 1979. Uchaguzi haukuwepo, Karume alisema waziwazi kwamba Wazanzibari hawatauhitaji kwa makumi ya miaka, akiukumbuka bila shaka ule wa 1963. Mwishoni mwa miaka ya sitini ziliundwa mahakama za wananchi, ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili na mahakimu hawakuhitaji kuwa wanasheria. Magendo ya karafuu yakawa kosa la kuweza kumtia mtu kitanzi.

Na karafuu ndiyo inayonichoma zaidi, kwa kuwa sisi wa Kisii ni watu wa chai, kahawa na pareto, na tunajua maana ya bei kupangwa na mtu usiyemwona. Mwishoni mwa miaka ya sitini bei ya karafuu duniani ilipanda sana. Serikali iliinunua kwa mkulima kwa bei ndogo, ikaiuza nje kwa bei kubwa, na mamilioni ya pauni yakarundikana London. Wakati huohuo Karume alikataa kuyatumia kuingiza chakula cha kutosha. Watu, aliamini, wajifunze kula walichopanda. Mchele ukawa wa mgao. Foleni zikaanza alfajiri. Visiwa vilivyokuwa na akiba kubwa ya fedha za kigeni kuliko nchi nyingi jirani vilikuwa na watu waliolala na njaa, na mwenye kulalamika alihesabiwa kuwa adui wa Mapinduzi.

Akili iyo hiyo ya kujitosheleza iliingia hospitalini. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiendesha mradi wa kuangamiza malaria visiwani, na maradhi yalikwisha kupungua mno. Mwaka 1968 mradi ukasimamishwa. Katika miaka michache mbu walirudi na homa yao. Nani alikuwepo wa kumwambia Rais kwamba amekosea? Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwalimu aliulize darasani, kabla ya kufika kwenye mauaji. Mauaji huonekana na kutambulika. Kukosekana kwa mtu mmoja wa kusema hapana mezani hakuonekani, mpaka mtoto wa Makunduchi aanze kutetemeka kwa homa.

Watu wa kusema hapana walikuwepo. Mmoja alikuwa Abdulrahman Mohamed Babu, mwandishi na msomi wa itikadi ya Kimarx, ambaye Nyerere alimpa wizara bara. Mwingine alikuwa Abdulla Kassim Hanga, aliyesomea Moscow, aliyekuwa Makamu wa Rais katika siku za mwanzo za Mapinduzi. Mwingine Othman Shariff, aliyewahi kuwa balozi Marekani na mshindani wa Karume ndani ya Afro-Shirazi tangu kabla ya uhuru. Mwaka 1969 Hanga na Shariff walikuwa bara. Zanzibar ikawadai kwa tuhuma za kula njama, na Nyerere akawatoa. Walipandishwa ndege. Waliuawa. Wengine waliokuwa mawaziri, kama Saleh Saadalla Akida na Abdulaziz Twala, walimezwa na kimya kilekile. Nampenda Mwalimu Nyerere kama wampendavyo walimu wengi wa rika langu, na maandishi yake nimeyasomesha; lakini ukurasa huu ni wake pia, na hatuwezi kuuchana ili kitabu kibaki safi.

Septemba 1970 magazeti ya dunia, ambayo yalikuwa yameisahau Zanzibar, yaliikumbuka ghafla. Wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wanaume wa Baraza la Mapinduzi. Jamaa zao waliopinga walitiwa ndani. Karume hakuona haya wala hakuficha: alieleza kuwa zamani wenye nguvu walikuwa wakiwachukua mabinti wa Kiafrika kuwa masuria, na hakuna aliyelia. Kuhusu zamani hiyo alisema kweli. Ila wasichana wale hawakuwa wamezaliwa zama za masuria, na kisasi kilichochukuliwa juu ya miili yao hakikumrudishia heshima bibi yeyote aliyekwisha kufa. Nimewahi kulijadili jambo hili na darasa la wanafunzi zaidi ya 60, na ulikuwa mjadala mgumu kuliko wote niliowahi kuuongoza, maana nusu ya wavulana walianza kwa kumtetea. Sikuwakataza. Wasichana waliwajibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 Karume alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama, akibarizi na wenzake kwenye mchezo wa bao kama ilivyokuwa desturi yake. Ni tabia niipendayo: mtawala wa kutisha kiasi kile bado alikaa barazani na wazee wenzake, akizihesabu kete. Wanajeshi waliingia na kumpiga risasi. Aliyefyatua, Luteni Humud Mohamed Humud, inasemekana alikuwa na kisasi cha baba yake. Naye alikufa papo hapo. Aboud Jumbe akashika urais, na taratibu milango ikaanza kulegezwa. Lakini kwanza watu wengi walikamatwa. Kesi ya uhaini iliwahusu watu 81, na hukumu za kifo zikatolewa, nyingine kwa watu ambao hawakuwepo kizimbani. Babu alikuwa mmoja wao. Safari hii Nyerere hakumtoa. Alimweka kizuizini bara hadi mwaka 1978, na pengine kwa njia hiyo chungu akayaokoa maisha yake.

Miongoni mwa waliotiwa gerezani katika msako ule ni kijana mwandishi, Adam Shafi Adam. Wasomaji wa gazeti hili wanamjua kwa Kuli na Vuta N'kuvute. Riwaya yake ya Haini, iliyochapishwa mwaka 2003, inasimulia habari za mahabusu baada ya kiongozi wa kisiwa kuuawa. Said Ahmed Mohamed, ambaye Utengano yake imetahiniwa katika shule zetu za sekondari na kusomwa na vijana wengi wa Kisii na Nyamira, alikuwa kijana wa Zanzibar katika miaka hiyohiyo. Walimu tumewafundisha wanafunzi kuorodhesha dhamira, wahusika na tamathali za usemi katika Utengano. Tumewaeleza kwamba Bwana Maksuudi alimfungia Maimuna ndani ili asiuone ulimwengu. Sidai kwamba Maksuudi ni Karume. Mwandishi hakuandika fumbo la namna hiyo, na mhakiki anayelazimisha mafumbo anaiharibu kazi. Ninachodai ni kwamba mwandishi aliyekulia ndani ya kisiwa ambacho kutoka kwake kulihitaji kibali anajua uzito wa mlango uliofungwa kuliko mimi niliyekulia mahali ambapo ukitaka kwenda Keroka au Sotik unasimama tu barabarani. Mwanafunzi asiyeambiwa hayo anasoma nusu ya riwaya. Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliondoka Unguja akiwa kijana katika miaka ya sitini, na karibu kila alichoandika kinarudi kwenye mlango uleule.

Yupo atakayeniuliza kwa nini niwachoshe watu wa milimani na mambo ya pwani. Jibu liko Nyamira. George Anyona, Mbunge wa Kitutu Mashariki, aliwekwa kizuizini mwaka 1977 bila ya kushtakiwa. Mwaka 1982 alijaribu pamoja na Jaramogi Oginga Odinga kuandikisha chama cha pili, na Bunge likaharakisha kuifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria; Anyona akarudishwa kizuizini. Mwaka 1990 akakamatwa tena. Wanafunzi wangu wengi kutoka wilaya aliyoiwakilisha wanalijua jina lake na kifo chake barabarani mwaka 2003, basi. Kenya haikujifunga kama Zanzibar; magazeti yaliendelea kuchapishwa, wageni wakamiminika mbugani. Lakini vyumba vya chini ya Nyayo House vilikuwa ndugu wa Kwa Bamkwe, na mwalimu wa shule ya msingi wa mwaka 1988, aliyesimama kwenye mlolongo akijua nani anamtazama, asingehitaji kufafanuliwa maisha ya Unguja ya mwaka 1968.

Nirudi kwa yule kijana wangu. Aliacha Korea. Kwa wiki kadhaa amekuwa akisoma, na maneno anayoyakusanya ni yale yaliyobadilika maana visiwani baada ya 1964: kujitolea, mnyonge, adui, msaliti, mwananchi. Kazi yake bado ina makosa mengi ya upatanisho wa kisarufi, nami nimeyapigia mstari yote. Juzi alikuja ofisini na swali ambalo halikuhusu isimu. Alikuwa ameona picha ya kaburi la Karume pale Kisiwandui, limejengwa vizuri na viongozi huzuru kulisomea dua. Akataka kujua Hanga na Othman Shariff walizikwa wapi, ili ataje katika tanbihi. Nikamwambia aandike kwamba jamaa zao hawakuonyeshwa makaburi.